Kutazama Hoki ya Barafuni Katikati ya Theluji: Maandalizi Yanaanzia Mlango Mmoja

Mtu wa Mwanza akialikwa kwenda kutazama hoki ya barafuni, ule mchezo wa fimbo na viatu vya kutelezea, inayochezwa nje, mwezi wa kwanza, kule Canada au kaskazini mwa Marekani, jambo la kwanza analouliza ni koti. Koti gani, zito kiasi gani, linapatikana wapi. Koti ni muhimu, lakini wanaoondoka uwanjani kabla ya kipindi cha tatu kwa kawaida hufukuzwa na miguu, tena wakiwa wamevaa makoti mazuri kabisa. Sakafu ya jukwaa ni zege, zege hilo limelala kwenye baridi usiku kucha, na wewe utalikanyaga saa tatu au nne bila kutembea. Kifua kinaweza kuwa na joto la kutosha huku vidole vya miguu havisikii kitu.

Tunawaandikia wanaoondoka huku kwetu kanda ya ziwa: mwanafunzi anayekwenda chuoni Edmonton au Minneapolis, mama anayekwenda kumsaidia binti yake aliyejifungua Toronto, kijana aliyepata kazi na wenzake wakamkatia tiketi ya mechi. Hawa wote wamezoea mji ambao asubuhi ya Julai ikishuka hadi nyuzi 17, watu wanatafuta sweta. Kule watakaa nje kwenye hasi 10 au hasi 15, na theluji ikidondoka.

Baridi hiyo ina wasaidizi wawili, upepo na unyevu. Upepo una hesabu yake inayotangazwa na watabiri wa hali ya hewa: hewa ikiwa hasi 10 na upepo ukienda kilomita 20 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoteza joto kana kwamba ni hasi 18. Ikiwa hasi 20 kwa upepo huohuo, ni kana kwamba ni hasi 30, na hapo ngozi isiyofunikwa inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Kwa hiyo ukiangalia utabiri siku ya mechi, soma namba zote mbili, ya joto na ya upepo. Unyevu hautangazwi na mtu. Unautengeneza mwenyewe kwa jasho lako, au unakuja na theluji, na kwa maoni yetu ndio unaowaumiza wageni kuliko kitu kingine chochote.

Tuseme umeshuka kwenye treni, uwanja uko mbali kidogo, umevaa kila ulichonacho na unatembea haraka. Ukifika getini mgongo umeloa. Ukikaa kitini, lile jasho linaanza kupoa, na fulana ya pamba iliyolinyonya inalishikilia palepale kwenye ngozi. Nusu saa baadaye unatetemeka ndani ya koti la bei mbaya. Ndiyo maana wenyeji hutembea zipu ikiwa wazi na kofia mfukoni, kisha hujifunga vizuri wakishafika. Anza safari ukisikia baridi kidogo.

Uzuri ni kwamba karibu kila kinachohitajika kipo soko la mitumba la Mlango Mmoja, hapa Mwanza. Makoti ya baridi kali huja kwenye mabelo kutoka hukohuko yanakovaliwa, na hapa mjini wanunuzi wake wakubwa ni bodaboda, wanaoyatumia kuzuia upepo. Kwa hiyo wahi asubuhi belo likifunguliwa, maana bodaboda nao wanajua kuchagua.

Anza na nguo ya ndani, inayogusa ngozi. Usiitafute kwenye makoti. Nenda kwenye rundo la nguo za michezo, kwenye taiti za kukimbilia na zile fulana za mikono mirefu ambazo wachezaji huvaa chini ya jezi. Inatakiwa ibane mwili na isiwe ya pamba. Sufu ndiyo bora kuliko zote, hasa sufu laini ya kondoo wa merino, kwa sababu hata ikipata unyevu bado inahifadhi joto. Poliyesta inafuata, ni rahisi kuipata na hukauka upesi. Kwenye lebo, wool, laine na Wolle ni sufu; cotton, coton na Baumwolle ni pamba, na hiyo irudishe kwenye rundo.

Mara nyingi lebo imekatwa. Basi vuta uzi mmoja kutoka kwenye mshono wa ndani, uushike kwa kibanio, uuchome kwa kiberiti. Sufu hunuka nywele zilizoungua, haishiki moto vizuri, na majivu yake husagika ukiyabonyeza. Poliyesta huyeyuka, hujikunja na kuacha punje ngumu nyeusi. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha majivu mepesi ya kijivu. Mwombe muuzaji ruhusa kwanza, na usichomee karibu na rundo. Ukikuta uzi unaoyeyuka huku ukinuka nywele, ujue ni mchanganyiko, na mchanganyiko haudhuru mradi pamba haimo.

Juu yake inakuja nguo ya katikati, sweta la sufu au zile sweta laini zenye manyoya mafupi zinazoitwa flisi. Hapa hakuna siri kubwa. Mbili nyembamba ni bora kuliko moja nene, kwa sababu unaweza kupunguza ukiwa unatembea na kuongeza ukikaa, na hewa iliyonaswa kati yake ndiyo inayotunza joto.

Koti lenyewe linataka macho na vidole. Yako ya aina mbili: yaliyojazwa manyoya ya bata na yaliyojazwa nyuzi za poliyesta. Ya manyoya ni mepesi na yana joto zaidi yakiwa makavu, lakini yakiloa manyoya hushikana na joto linakwisha. Ya poliyesta ni mazito kidogo, lakini yanavumilia kuloa. Bana sehemu ya koti la manyoya kiganjani kisha liachie: likiwa zima hufura lenyewe ndani ya muda mfupi. Likibaki limelala, au ukigusa madonge kwenye kona za mishono, lilifuliwa vibaya na halikukaushwa. Liinue kwenye jua. Mahali mwanga unapopita wazi pana utupu, na baridi itaingilia hapo. Linuse kwapani na kwenye kofia, kwa kuwa harufu ya ukungu haitoki. Fungua na kufunga zipu mara kadhaa ukiwa umelivaa, kisha jaribu tena ukiwa na kitambaa kinene mkononi, maana ndivyo utakavyoifunga siku hiyo. Mikono iwe na kibano kwenye vifundo, na urefu upite makalio ili uweze kulikalia.

Lijaribu ukiwa umevaa sweta mbili, hata kama jua la saa saba linawaka na watu wanakushangaa. Koti linalobana linakamua ile hewa uliyoitafuta kwenye sweta. Likiwa kubwa kidogo, mwache fundi cherehani apunguze mikono, lakini asipitishe sindano kwenye mwili wa koti la manyoya, kwani kila tundu la sindano ni mlango wa manyoya kutoka. Ukilifua, likaushe juani siku mbili au zaidi, ukilikung'uta na kulifikicha kila baada ya muda hadi usiguse donge hata moja.

Kuna jambo ambalo watu wa joto hawalitarajii. Siku mbaya kuliko zote za kukaa nje si lazima iwe ile ya baridi kali zaidi. Kwenye hasi 12 theluji ni kavu, unaipangusa begani inadondoka kama unga. Kwenye sifuri au moja juu ya sifuri theluji ni majimaji. Inatua, inayeyuka, inaingia kwenye mishono. Utabiri ukisema sifuri na theluji, acha koti la manyoya nyumbani au livalie koti la mvua juu yake. Na siku zote jipanguse kabla ya kuingia mahali penye joto, kwa sababu theluji uliyoingia nayo itakuwa maji dakika tano baadaye.

Sasa miguu. Buti za mitumba zina ugonjwa mmoja unaofichika. Soli nyingi zimetengenezwa kwa povu la polyurethane, na povu hilo huoza likikaa miaka stoo, hata kama kiatu hakikuvaliwa. Kwa nje kinang'aa. Ukikivaa mara mbili soli inamong'onyoka vipandevipande, na ikikutokea katikati ya theluji huna kiatu. Kikunje kwa nguvu mbele na nyuma ukitazama nyufa pembeni, kisha bonyeza soli kwa ukucha. Ikiacha alama ya kudumu au ikitoa unga, achana nacho. Zinazofaa zaidi ni zile buti zenye chini ya raba mpaka juu ya kifundo na soksi nene ya ndani inayotoka, kwa sababu hiyo soksi unaitoa na kuikausha usiku.

Chukua buti kubwa kwa namba moja kuliko unayovaa. Soksi zako ziwe moja nyembamba isiyo ya pamba na moja nene ya sufu, na ndani ya buti vidole viweze kucheza. Wengi huongeza soksi ya tatu wakidhani wanajisaidia. Mguu unabanwa, damu haifiki vizuri kwenye vidole, na damu ndiyo inayobeba joto, kwa hiyo mguu wenye soksi tatu unaganda kabla ya mguu wenye mbili. Beba pea kavu kwenye mfuko wa nailoni na ubadilishe ukishafika uwanjani, kabla ya kwenda kukaa. Ni dakika tatu tu, na zinafanya kazi kubwa kuliko koti jipya.

Kisha weka kitu kati ya buti na zege. Kipande cha boksi nene kinatosha. Kipande cha godoro la sponji kilichofungwa kwenye nailoni ni bora zaidi. Kata viwili, kimoja cha kukanyaga na kimoja cha kukalia, kwa sababu viti vya plastiki na mabenchi ya alumini navyo vinanyonya joto. Kuna pia vipakiti vya joto vinavyouzwa madukani kule, vyenye unga wa chuma, chumvi na mkaa. Ukikifungua, chuma kinashika kutu kwa kasi kikikutana na hewa, na kutu hiyo ndiyo inayotoa joto. Vifungue robo saa kabla ya kuvihitaji. Ndani ya kiatu hewa ni kidogo, hivyo huko hufanya kazi kwa unyonge. Chukua vile vilivyotengenezwa kwa ajili ya vidole vya miguu, na usiviweke moja kwa moja kwenye ngozi, vinaweza kuunguza.

Mikononi, glavu ambazo vidole vinne hukaa pamoja zinashinda zile za vidole vitanovitano. Kichwani mzura ufunike masikio. Mwenye rasta au misuko mikubwa atafute mpana na aujaribu hapahapa. Nywele zisiwe na maji. Anayevaa hijabu aanze na kofia nyembamba ya flisi chini. Hereni za chuma vua, hupoza sikio. Skafu ya kanga au kitenge inapendeza lakini ni pamba. Pumzi yako itailowesha na kuigandisha mdomoni. Usoni paka mafuta mazito ya mgando, si losheni ya majimaji.

Simu iwe mfuko wa ndani, karibu na mwili. Betri za simu hulegea kwenye baridi, na simu yenye asilimia 40 inaweza kuzima ghafla. Siku hizi tiketi ziko kwenye simu, kwa hiyo anayeipekua nje kwenye foleni ndiye hufika getini skrini ikiwa nyeusi. Itoe ukiwa wa pili au wa tatu kufika mlangoni. Soma pia masharti ya mikoba siku moja kabla: viwanja vingi vikubwa vya Marekani vinakubali mfuko wa plastiki angavu tu, na chupa ya chai inaweza kukataliwa. Blanketi kwa kawaida linaruhusiwa.

Kuhusu kiti, sahau desturi ya kutaka mbele. Eneo la barafu la NHL, ligi kuu ya kule, lina urefu wa mita 61 na upana wa 26 hivi, na katika mechi hizi kubwa linatandikwa katikati ya uwanja wa futiboli ya Kimarekani au wa besiboli. Safu za chini zinabaki mbali nalo, na uzio kulizunguka, wenye kimo cha mita moja na kidogo, unaficha upande wa karibu. Mpira wenyewe ni kisahani cheusi cha raba ngumu, paki, upana sentimita 7.6 na unene 2.5. Ukiwa chini hutakiona. Nenda juu, usawa wa katikati, na ukubali kwamba juu kuna upepo zaidi.

Mchezo utaushika upesi ukiwa umezoea soka. Kila timu ina wachezaji 6 uwanjani, golikipa akiwemo, na wanabadilishwa mchezo ukiendelea, kila baada ya chini ya dakika moja, kwa sababu kasi yake inachosha. Vipindi ni vitatu vya dakika 20, na saa husimama kila filimbi ikipulizwa, ndiyo maana mechi nzima hufika saa mbili na nusu au tatu. Kuotea kupo: hakuna mshambuliaji anayeruhusiwa kuitangulia paki kuvuka mstari wa buluu linapoanzia eneo la wapinzani. Aliyecheza rafu ndogo hukaa nje dakika 2 na timu yake hubaki pungufu. Wapinzani wakifunga bao katika muda huo, anarudi. Hapo ndipo mechi nyingi huamuliwa, usiende kununua kahawa. Na usihangaike kufuata paki kwa macho kila sekunde. Tazama mabega ya wachezaji, yatakuonyesha ilipo.

Theluji inaubadilisha mchezo huu kabisa, na huo ndio utamu wa kwenda nje. Ikijikusanya juu ya barafu, pasi hufa njiani kama mpira uliotua kwenye dimbwi pale uwanja wa Kirumba. Mafundi wa chenga wanapoteza paki miguuni mwao, na timu zenye akili huacha madoido: zinapiga mbele, zinakimbilia, zinapiga golini kutoka popote na kusubiri inayorudi. Watu wenye makoleo huingia mara kwa mara kufagia. Tazama dakika mbili za kwanza baada ya kufagia, hapo barafu ni safi na kasi inarudi. Upepo nao una haki yake: katika mechi za nje za NHL, wakati mwingine timu hubadilishana magoli katikati ya kipindi cha tatu ili mmoja asiumie peke yake.

Mechi ya kwanza ya msimu wa NHL kuchezwa nje ilikuwa Edmonton, 22 Novemba 2003, kwenye hasi 18 hivi, mbele ya watu 57,167. Montreal walishinda 4–3, na golikipa wao José Théodore alivaa mzura juu ya kofia yake ya chuma. Mwaka mpya wa 2008 Pittsburgh na Buffalo walicheza ndani ya theluji mbele ya watu 71,217, na Sidney Crosby wa Pittsburgh akaimaliza kwa mikwaju ya penalti. Tarehe 1 Januari 2014 pale Ann Arbor, jimbo la Michigan, watu 105,491 walikaa kwenye theluji kuwatazama Toronto na Detroit. Minneapolis, 1 Januari 2022, ilikuwa hasi 21 mechi ikianza.

Adui mkubwa wa barafu ya nje, hata hivyo, ni jua. Chini ya barafu ile yenye unene wa kama sentimita 5 kuna mabomba yanayopitisha maji yaliyopozwa yenye glaikoli, kemikali inayoyazuia kuganda, na mafundi hujitahidi kuishikilia kwenye hasi 5 au 6. Ikipoa kupita hapo inakuwa kavu na kumeguka. Jua likiipiga inalainika hata kama hewa ni baridi. Tarehe 20 Februari 2021, pembeni mwa Ziwa Tahoe, Colorado na Vegas walianza saa 6 mchana, wakacheza kipindi kimoja, barafu ikatoboka kwa jua, na mechi ikaendelea saa 3 usiku. Kwa hiyo siku ya anga lisilo na mawingu uwe tayari kwa kusubiri, na kusubiri kunahesabiwa kwenye miguu yako.

Ukialikwa kwenye mechi ya ziwani, ile ya mtaani ambayo watu huchonga uwanja juu ya ziwa lililoganda, hilo ni jambo jingine na linataka tahadhari ambayo sisi wa Ziwa Victoria hatukukua nayo. Ziwa letu lina joto la nyuzi zaidi ya 20 mwaka mzima. Msalaba Mwekundu wa Canada unataka barafu ya sentimita 15 kwa mtu mmoja na 20 kwa mchezo au kundi. Barafu ya bluu, angavu, ndiyo yenye nguvu. Nyeupe ina hewa ndani na ni dhaifu. Ya kijivu ina maji, usiikanyage. Theluji iliyolala juu inafanya kazi ya blanketi, hivyo barafu chini yake huwa nyembamba kuliko inavyoonekana. Kaa mbali na mito inapoingilia na nguzo za gati. Waulize waliotoboa na kupima leo. Waliopima wiki iliyopita hawakusaidii.

Kula vizuri kabla ya kwenda, chakula chenye mafuta. Pombe iache hadi utakaporudi: inafungua mishipa ya ngozi, unasikia joto usoni huku mwili ukilipoteza ndani. Kila mapumziko inuka utembee hadi vidole viamke.

Ukiona vidole au pua vimekufa ganzi, usisubiri mwisho wa kipindi. Kwenye ngozi yetu nyeusi dalili si wekundu. Eneo hupauka, huwa la kijivu kama lililopakwa majivu, na likiguswa huwa gumu. Ingia ndani, vua vilivyoloa, weka vidole kwapani. Usisugue, na usipake theluji kama baadhi ya watu watakavyokushauri, utachubua nyama iliyoganda. Ukifika nyumbani loweka kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39, yapimwe na mtu mwingine kwa kiwiko, kwa kuwa mkono uliokufa ganzi hautasikia ukiungua. Usianze kuviyeyusha kama bado una safari ya kurudi kwenye baridi. Vikiganda mara ya pili madhara ni makubwa zaidi. Ganzi isipotoka baada ya nusu saa hivi, au malengelenge yakitokea, nenda hospitali usiku huohuo.

Buti toa soksi za ndani, zijaze magazeti, zilaze mbali na hita. Raba na gundi havipendi joto kali, na keshokutwa utazihitaji tena.